Nuru, Vumbi na Sumaku: Jinsi Ramani ya Sumaku ya Mbinguni Ilivyochorwa



Katika chuo cha walimu tunamofundisha liko somo moja ambalo wanafunzi hulipenda kila mwaka. Mwalimu huweka kipande cha sumaku juu ya meza, akakifunika kwa karatasi nyeupe, akanyunyiza unga wa chuma juu yake, kisha akaigonga karatasi polepole kwa ukucha. Papo hapo ule unga hujipanga mistari mistari, ukipinda kutoka ncha moja ya sumaku mpaka ncha ya pili, na nguvu iliyokuwa haionekani kwa macho huonekana imechorwa karatasini. Siku moja mwanafunzi mmoja alituuliza, "Mwalimu, kama huko mbinguni nako kuna sumaku, ni nani atakayenyunyiza unga?" Darasa zima likacheka. Lakini swali lile halikuwa la kuchekwa, kwa maana unga huo umekwisha nyunyizwa zamani sana, kabla ya kuwako mwanadamu. Jioni ya leo twataka kueleza jinsi watu walivyougundua, na jinsi walivyojifunza kuusoma.

Kwanza hatuna budi kufahamu tabia moja ya nuru. Nuru husafiri kwa mtikiso, kama mawimbi. Mtu akifunga kamba mtini, akashika mwisho wake, aweza kuitikisa juu na chini, au kulia na kushoto, au mshazari. Na kila mara wimbi hukimbia juu ya kamba mpaka mtini. Nuru ya jua au ya taa ina mitikiso ya pande zote hizo, imechanganyika bila mpango. Lakini likitokea jambo la kuuondoa mtikiso wa upande mmoja na kuuacha wa upande mwingine, basi nuru inayosalia hutikisika kwa upande mmoja tu. Wataalamu huiita hali hii polaraizesheni. Sisi katika mazungumzo haya tutaiita nuru ya mtikiso mmoja. Macho matupu kwa kawaida hayaitambui, na kwa hiyo watu waliishi nayo miaka mingi bila kuijua.

Mlango wa elimu hii ulifunguliwa na jiwe. Mwaka 1669 mwanachuoni wa Denmark, Erasmus Bartholin, aliandika habari za jiwe liangazalo kama kioo, lililoletwa kutoka kisiwa cha Iceland. Aliliweka juu ya maandishi, akaona kila herufi imekuwa mbili. Christiaan Huygens, Mholanzi, alilichunguza jiwe lilo hilo, akaandika habari zake katika kitabu kilichotoka mwaka 1690. Aliona kwamba nuru ikiisha kupita katika jiwe la kwanza, hugeuka tabia inapoingia katika jiwe la pili. Lakini sababu yake hakuiweza kuieleza, naye alikiri hivyo bila haya.

Zikapita zaidi ya miaka mia. Jioni moja ya mwaka 1808, Étienne-Louis Malus alikuwa nyumbani kwake mjini Paris, ameshika kipande cha jiwe la Iceland. Jua lilikuwa likishuka, na nuru yake ilipiga madirisha ya jumba la Luxembourg na kurudi kwake. Malus akaitazama nuru hiyo kupitia jiwe, akitaraji kuona sura mbili za jua zenye mwangaza sawa. Lakini alipoligeuza jiwe mkononi, sura moja ilififia na nyingine ikang'aa. Akaligeuza tena, mambo yakawa kinyume chake. Hivyo akajua kwamba nuru ikiisha kupiga kioo na kurudi, huwa imepata mtikiso wa upande. Tangu siku ile, jiwe lililokuwa kitu cha ajabu likawa chombo cha kazi. Na mwaka 1821 Augustin Fresnel akaeleza sababu yenyewe, ya kuwa mtikiso wa nuru hukata njia yake kwa pembe mraba, kama ule wa kamba yetu mtini.

Sasa tuiache nuru kidogo, tutazame vumbi. Wakati wa kiangazi, katika miezi ya Juni mpaka Agosti, mtu akitoka nje usiku mahali pasipo taa huona ule utepe mweupe wa nyota ukatao mbingu, ambao Wazungu huuita Njia ya Maziwa. Akitazama vema, hasa upande wa Nge, ataona ndani ya utepe huo mabaka meusi, kama kwamba mtu amepaka masizi. William Herschel, mnajimu mkuu wa karne ya 18, alidhani mabaka hayo ni matundu, yaani mahali pasipo nyota. Mwaka 1919 Edward Barnard wa Marekani, aliyekuwa amepiga picha nyingi sana za mbingu, alitoa orodha ya mabaka 182 ya namna hiyo, na watu wakazidi kuamini kwamba si matundu bali ni kitu kinachoziba nyota zilizo nyuma yake. Mwaka 1930 Robert Trumpler wa Lick Observatory huko California alilimaliza shauri hilo. Alipima makundi ya nyota ya mbali na ya karibu, akaonyesha kwamba yale ya mbali yamefifia kupita kadiri ya umbali wake. Njiani mlikuwamo vumbi.

Vumbi hili si kama lile la barabara zetu. Punje zake ni ndogo mno. Nyingi hazifiki sehemu moja ya elfu ya milimita. Zimefanyika kwa vitu vya namna ya mawe na kwa kaboni, nazo zimetawanyika katika hewa nyembamba sana iliyo kati ya nyota. Uzito wake wote ni kama sehemu 1 katika 100 ya uzito wa hewa hiyo. Walakini kwa kuwa njia ya nuru ni ndefu, ya miaka mamia na maelfu, hata vumbi haba hutosha kuififiza nyota na kuifanya ionekane nyekundu, kama jua linavyokuwa jekundu likichwa nyuma ya vumbi la kiangazi.

Hapa ndipo habari yetu inapofika kwenye kiini chake; nayo ni habari ya watu waliotafuta kitu kimoja wakapata kingine.

Mwaka 1946 Subrahmanyan Chandrasekhar, mwana wa Bara Hindi aliyezaliwa Lahore mwaka 1910 na aliyekuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Chicago, alipiga hesabu ya nuru ya nyota zenye joto kali. Hesabu yake ilionyesha kwamba nuru itokayo kwenye ukingo wa nyota kama hiyo haina budi kuwa na mtikiso wa upande mmoja, kadiri ya sehemu 11 katika 100. Lakini nyota huonekana kama nukta. Nuru ya kingo zake zote huchanganyika, na mitikiso ikafutana. Lilikuwako tumaini moja tu: kuzitazama nyota mbili zizungukanazo, wakati moja inapoipita mwenzake na kuiziba, hata ukaonekana ukingo tu.

Wamarekani wawili, William Hiltner na John Hall, walijitia katika kazi ya kuutafuta mtikiso huo. Mwanzo walishirikiana huko McDonald Observatory katika jimbo la Texas, penye darubini yenye kioo cha upana wa mita 2 na zaidi kidogo. Jaribio la kwanza halikufaulu. Baadaye kila mmoja alishika njia yake na chombo chake: Hiltner akabaki na kazi ya McDonald, na Hall akahamia kwenye United States Naval Observatory. Kazi yenyewe ilikuwa ya uvumilivu. Nuru ya nyota moja hupitishwa katika kichujio kinachogeuzwa, na chombo cha umeme hupima kama mwangaza unaongezeka na kupungua kadiri kichujio kinavyogeuka. Tofauti itafutwayo ni ndogo, na kasoro yoyote katika darubini yaweza kujifanya nyota.

Walipopima waliukuta mtikiso. Bila shaka mtu mwepesi angalipiga kelele za furaha na kuandika kwamba hesabu ya Chandrasekhar imethibitika. Wao hawakufanya hivyo, kwa sababu mambo matatu hayakupatana. La kwanza, mtikiso haukubadilika nyota zilipozibana na zilipoachana. La pili, nyota nyingine zilizo jirani katika mbingu, zisizo na mwenzi wala kuzibwa, nazo zilikuwa na mtikiso wa upande ule ule. La tatu, nyota zilizofifizwa na kufanywa nyekundu na vumbi ndizo zilizokuwa nao zaidi.

Tufikiri kwa mfano. Tukisimama kituoni, tukawaona wasafiri kumi wakishuka, wazee kwa vijana, na nguo zao wote zina vumbi jekundu, hatusemi kwamba wote wamezaliwa hivyo. Twasema, njia waliyoijia ina vumbi jekundu. Ndivyo walivyofikiri Hiltner na Hall. Mtikiso haukuzaliwa na nyota. Nuru iliupata njiani. Mwezi wa Februari 1949 maandishi yao yalitolewa katika toleo moja la gazeti la Science, ya mmoja yakifuatana na ya mwenziwe, na tangu hapo majina yao hutajwa pamoja. Katika mwaka uo huo V. A. Dombrovskii aliyafikia mambo haya kwa njia yake mwenyewe huko Urusi ya Kisovieti.

Lakini jibu moja lilizaa swali kubwa zaidi. Ikiwa punje za vumbi ni za mviringo kama shanga, haziwezi kuuondoa mtikiso wa upande mmoja kuliko mwingine. Kwa hiyo yapasa ziwe ndefu au bapa. Na hata zikiwa ndefu, zikiwa zimelala ovyo ovyo, kazi ya moja hufutwa na ya nyingine. Yapasa basi ziwe zimepangwa, zote pamoja, katika nafasi ambayo nuru huchukua miaka mingi kuivuka. Ni nani awezaye kupanga vumbi la namna hiyo? Wanafunzi wetu wangelijibu mara moja: sumaku.

Mwaka 1951 Leverett Davis na Jesse Greenstein wa California walieleza jinsi jambo hilo liwezavyo kuwa. Hapa twawaonya wasikilizaji wetu wasiuchukue mfano wa unga wa chuma mpaka mwisho, kwa maana unga ule hulala kwa urefu wake kuufuata mstari wa sumaku, lakini vumbi la mbinguni sivyo. Punje ya vumbi huzunguka kwa haraka kama pia. Mfano wake bora ni sahani izungukayo juu ya kijiti. Kijiti ndicho mstari wa sumaku, na ubapa wa sahani umekikata kijiti. Davis na Greenstein walionyesha kwamba punje yenye asili ya chuma ndani yake, ikizunguka vibaya, hupata msuguano wa sumaku ndani ya mwili wake, na polepole hurekebishwa mpaka izunguke namna hiyo. Baadaye wataalamu waliona kwamba msuguano huo pekee ni dhaifu. A. Z. Dolginov na I. G. Mitrofanov mwaka 1976, na Bruce Draine na Joseph Weingartner mwaka 1996, walieleza kwamba nuru ya nyota yenyewe huzisukuma punje zisizo sawa pande zote, kama upepo unavyokizungusha kishada cha mtoto, na hivyo husaidia sana kuzipanga. Jambo lililobaki imara tangu mwanzo ni hili, ya kuwa mstari wa sumaku ndio kijiti.

Kutokana na hayo ramani yaweza kusomwa. Punje hula zaidi mtikiso unaoufuata urefu wake. Urefu wake umeukata mstari wa sumaku. Basi mtikiso unaosalimika na kutufikia ni ule unaofuatana na mstari wa sumaku. Mtaalamu akipima nyota moja, achora kistari kifupi karatasini. Akipima elfu, sura huanza kutokea, kama ile ya unga juu ya meza yetu. Mwaka 1970 Mathewson na Ford huko Australia walitoa vipimo vya nyota 1,800; na mwaka 2000 Carl Heiles alikusanya orodha ya nyota 9,286. Ramani hizo zilionyesha kwamba, kwa jumla, sumaku ya kundi letu la nyota hulala kuufuata ule utepe mweupe wa mbinguni, ingawa mahali pengine huinuka kwa matao makubwa.

Na nguvu yake je? Chandrasekhar, ambaye hesabu yake ya kwanza ilikuwa imewatuma wengine safari wasiyoikusudia, alirudi katika shauri hili mwaka 1953 pamoja na Enrico Fermi, Mwitaliano aliyehamia Marekani. Fermi alikuwa na haja yake mwenyewe, kwa maana mwaka 1949 aliandika kwamba ile mionzi itokayo mbinguni, iliyogunduliwa na Victor Hess mwaka 1912, huongezewa mwendo na mawingu yenye sumaku yaendayo kati ya nyota. Fikira yao waweza kuielewa mabaharia wetu wa pwani. Kamba ya jahazi iliyokazwa sana haiyumbi ovyo kwa upepo, iliyolegea huyumbayumba. Mistari ya sumaku nayo husukumwa na hewa iendayo huko kati ya nyota. Kama vistari vya ramani vinakaribia kulingana, sumaku ina nguvu. Kama vimetawanyika, ni dhaifu. Kwa kujua uzito wa hewa, mwendo wake, na kadiri ya kuyumba, walipata nguvu ya gauss 7 hivi katika milioni. Hiyo ni dhaifu kuliko sumaku ya dunia, igeuzayo sindano ya dira, kwa mara makumi ya maelfu. Wa siku hizi hutumia hesabu iyo hiyo, pamoja na marekebisho.

Mtu aweza kuuliza, kitu dhaifu namna hiyo kina maana gani? Maana yake ni hii, ya kuwa hewa ya kati ya nyota nayo ni nyembamba mno, hata sumaku hiyo ndogo hushindana nayo sawasawa. Wingu linapotaka kuanguka ndani yake kwa uzito wake ili liwe nyota, sumaku hulizuia. Mwaka 2006 Josep Girart na wenzake, wakitumia darubini za Hawaii, walitazama mahali nyota changa zinapozaliwa, paitwapo NGC 1333, wakaona mistari ya sumaku imebanwa katikati na kupanuka juu na chini, mfano wa ngoma iliyobanwa kiuno. Ndiyo sura ambayo wataalamu walikuwa wameitaraji: uzito huvuta, na sumaku huvutwa nao huku ikipinga.

Kazi hiyo ya mwaka 2006 haikutumia nuru ya nyota, bali nuru ya vumbi lenyewe. Vumbi ni baridi sana, kwa kawaida nyuzi kama 250 chini ya sifuri, lakini hutoa mwangaza wa joto usioonekana kwa macho. Mwangaza huo hutikisika zaidi kuufuata urefu wa punje. Kwa hiyo hapa msomaji wa ramani sharti akigeuze kila kistari kwa pembe mraba, ndipo apate uelekeo wa sumaku. Mwezi wa Mei 2009 chombo cha Ulaya kiitwacho Planck kilirushwa kutoka Kourou, Guyana ya Kifaransa, kikafanya kazi mpaka mwaka 2013, na katika mambo yake mengi kiliipima nuru hiyo ya vumbi katika mbingu yote.

Ramani hiyo ilikuja kutoa hukumu katika shauri kubwa. Tarehe 17 Machi 2014 wataalamu wa chombo cha BICEP2, kilichokuwa kwenye Ncha ya Kusini ya dunia, walitangaza kwamba wameona alama ya mtikiso iliyoachwa na mwanzo kabisa wa ulimwengu. Habari ikaenea duniani kwa siku moja. Lakini wengine waliuliza: je, njiani hamna vumbi? Watu wa BICEP2 na wa Planck wakaketi pamoja, wakalinganisha vipimo, na mwanzoni mwa mwaka 2015 wakatangaza kwamba alama ile haiwezi kuhesabiwa kuwa ya mwanzo wa ulimwengu. Sehemu kubwa ilikuwa vumbi la kwetu humu humu. Haraka haraka haina baraka. Mwaka 1949 watu walitafuta nyota wakakuta vumbi, nao walilitambua kabla ya kutangaza. Mwaka 2014 watu walitafuta asili ya ulimwengu wakakuta vumbi lilo hilo, wakalitambua baada ya kutangaza. Hata hivyo hatuwalaumu kupita kiasi, kwa kuwa wenyewe walikubali kupimwa na kusahihishwa mbele ya watu wote, jambo ambalo wengi wetu hatulipendi.

Yapasa pia tuseme mipaka ya elimu hii. Kistari cha vumbi huonyesha mlalo wa sumaku, lakini hakisemi ni mwisho upi ulio kaskazini na upi kusini. Tena huonyesha ule mlalo tu ukatao njia ya macho yetu. Sumaku ituelekeayo moja kwa moja hujulikana kwa njia nyingine, kwa kuchunguza jinsi mawimbi ya redio yanavyopindwa mtikiso wake yakiipita. Na mawingu kadha wa kadha yakiwa njia moja, mistari yake huchanganyika. Kwa ajili hiyo wataalamu wamejifunza kutumia umbali wa nyota uliopimwa na chombo cha Gaia, kilichorushwa mwaka 2013, ili wayapambanue mawingu moja baada ya moja, kama mtu achambuaye kitunguu.

Tumerudi basi kwenye meza ya darasa letu. Yule mwanafunzi aliuliza ni nani atakayenyunyiza unga. Tulimjibu siku ile kwamba unga uko tayari, na kilichokuwa kimekosekana ni mtu wa kuligeuza jiwe mkononi na kutazama kwa makini, kisha akakubali kuona asichokitafuta. Walimu wenzetu mnaotusikiliza, mwanafunzi akiuliza swali la kuchekesha, msiwe wepesi kulicheka. Na ninyi vijana, mkipima kitu na jibu likakataa kupatana na tumaini lenu, msilifute. Liandikeni kama lilivyo, kwa maana huenda hilo ndilo jambo lenyewe.

Usiku wa leo, kama mbingu ni nyeupe, tokeni nje mkayatazame yale mabaka meusi upande wa Nge. Si matundu. Ni unga juu ya karatasi.

Kwaherini.